Jibu Halilingani na la Kitabu: Kulisaka Kosa la Vizio na Logi kwa Kufuata Dalili

Mwanafunzi anakuja na daftari. Kanuni ameiandika sawasawa, namba kazipachika mahali pake, kikokotoo ni kizima, lakini kitabu kinasema 2500 na yeye amepata 0.25. Anafuta ukurasa mzima, anaanza upya, na mara ya pili anapata 0.25 ile ile. Hapo ndipo anapoanza kuamini kwamba fizikia si ya watu kama yeye, na mimi hilo linaniuma kuliko alama anazopoteza.

Naomba usifute. Jibu lililokosewa ni ushahidi. Makosa ya wanaoanza fizikia ni machache, yanajirudia kila mwaka katika kila darasa, na kila moja lina alama yake kwenye namba. Ukiijua alama, utamjua mkosaji kabla hata hujasoma upya hatua zako.

## Kipimo cha kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine

Chukua majibu mawili, lako na la kitabu. Gawanya kubwa kwa dogo ili uwiano uzidi 1. Kisha tafuta logi ya uwiano huo katika msingi wa 10, yaani kipeo ambacho 10 ikipandishwa inatoa uwiano huo.

Sababu ni hii. Makosa ya vizio huzidishana. Ukikosea mara 1000 mahali pamoja na mara 4 mahali pengine, jibu linapotea mara 4000, na kwa kuangalia tu 4000 huwezi kujua kuna wakosaji wangapi. Logi hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha: logi ya 4000 ni 3.602, yaani 3 na 0.602. Ile 3 inatokana na viambishi kama mili na kilo. Ile 0.602 ni logi ya 4, na 4 mara nyingi maana yake umetumia kipenyo mahali pa nusu kipenyo katika eneo la duara. Wakosaji wawili waliokuwa wameshikana wamesimama mbalimbali.

Zinakili hizi nyuma ya daftari lako:

- 0.301 (uwiano 2): kipenyo na nusu kipenyo, umesahau ½ katika ½mv², au katika swali la mwangwi umesahau kwamba sauti imekwenda na kurudi.
- 0.343 (2.205): pauni na kilo.
- 0.362 (2.303): logi ya msingi wa 10 na logi asilia.
- 0.556 (3.6): kilomita kwa saa na mita kwa sekunde.
- 0.602 (4): kipenyo katika eneo la duara. Ukiona 0.903 (8), ni kipenyo katika ujazo wa tufe.
- 0.798 (6.283): 2π imesahaulika, kwa kawaida kati ya mizunguko kwa sekunde na radiani kwa sekunde.
- 0.992 (9.81): tungamo na uzito.
- 1.758 (57.3): digrii na radiani.
- 1.778 (60): dakika na sekunde. Saa na sekunde ni 3.556, siku na sekunde ni 4.937.
- Namba nzima kamili, 1, 2, 3, 4, 6 au 9: viambishi, eneo, ujazo au kitufe cha vipeo.

Ruhusu mkengeuko wa 0.005 hivi kwa sababu ya kukadiria desimali, lakini uwe macho na majirani: 0.343 na 0.362 hazipishani sana. Na kama kitabu chako kinatumia g = 10, kama yalivyo maswali mengi ya mitihani yetu, kosa la kilo na nyutoni litajificha kama namba nzima 1, ukadhani ni kosa la kiambishi.

Huna jibu la kitabu? Tumia dunia yenyewe. Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20, kwa hiyo densiti ya maji ni 1000 kg/m³, na kitu kinachozama hakiwezi kuwa na densiti ya 0.25. Usain Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 kule Berlin mwaka 2009, ambayo ni wastani wa mita 10.4 kwa sekunde. Mkimbiaji wa swali lako akitoka na mita 40 kwa sekunde, rudi nyuma.

## Dalili: logi ya uwiano ni namba nzima

Ikiwa ni 1 kamili, anza na kitufe cha vipeo. Hiki ndicho chanzo ninachokutana nacho kuliko vyote, na mwanafunzi hakishuku kamwe kwa sababu daftari lake ni safi. Ili kuingiza 1.6 × 10⁻¹⁹, wengi huandika 1.6, kisha × 10, ndipo wanabonyeza EXP na −19. Kitufe hicho tayari kina maana ya "mara kumi kwa kipeo cha". Kwa hiyo umezidisha kwa kumi mara mbili, na chaji ya elektroni imekuwa 1.6 × 10⁻¹⁸. Andika 1.6, bonyeza EXP, andika −19, basi. Ukitaka kuhakikisha, ingiza 1 EXP 3. Kikokotoo kikijibu 1000, umekielewa.

Ikiwa ni 3, 6 au 9, tazama viambishi. Soma kizio ulichoandika kwenye jedwali la data. Amita uliisoma kwa miliampia na ukaipeleka kwenye kanuni kama ampia? Hiyo ni 3. Kapasita imeandikwa µF, na wewe kwa haraka ukaiandika kama mF? Hiyo ni 3 pia, kwa sababu maiko ni 10⁻⁶ na mili ni 10⁻³. Umeipeleka kama faradi kamili? Ni 6. Ukichanganya M kubwa ya mega na m ndogo ya mili, umepotea kwa 9. Mwandiko una hatia kubwa hapa: µ isiyo na mkia husomeka kama u au m, na mwandishi mwenyewe huidanganya nafsi yake baada ya kufungua ukurasa unaofuata.

Kizio cha tungamo nacho kina mtego wake. Katika mfumo wa kimataifa kizio cha msingi ni kilogramu, ambacho tayari kimebeba kiambishi, wala si gramu. Anayesema "nimeondoa viambishi vyote" akaishia kwenye gramu, atakosea kwa 3 katika kila swali la kani na nishati.

Ikiwa ni 2, 3 au 4 na swali lina eneo au ujazo, hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoangukia.

Turudi kwa yule mwenye 0.25. Alikuwa na jiwe la gramu 250 lenye ujazo wa sentimita za ujazo 100. Gramu aligawa kwa 1000, akapata kilo 0.25. Sawa. Kisha akasema, mita moja ina sentimita 100, basi 100 gawa kwa 100 ni 1, yaani mita moja ya ujazo. Mwambie akuoneshe kwa mikono ukubwa wa mita moja ya ujazo. Ni tangi la maji la lita 1000! Jiwe linaloingia kiganjani haliwezi kulijaza.

Kosa ni kwamba kipeo kilichokaa juu ya kizio hakikai juu ya herufi tu. Kinabeba na kigeuzi chake. Mita moja ya ujazo ni sentimita 100 × 100 × 100, yaani 1,000,000. Yeye alitumia 10² palipohitajika 10⁶, akapungukiwa na 10⁴. Sasa angalia uwiano wake: 2500 gawa kwa 0.25 ni 10,000, logi yake 4. Kipimo kimekutajia kosa lenyewe: 6 toa 2. Kwa eneo kati ya sentimita na mita utaona 2, kwa sababu inahitajika 4 na umetumia 2. Kwa eneo la waya uliopimwa kwa milimita utaona 3, maana inahitajika 6 na umetumia 3.

Dawa ni kuandika mabano. Usiandike "100 cm³ = ? m³" ukakisia. Andika 100 × (10⁻² m)³, kisha fungua mabano: 100 × 10⁻⁶ m³. Nimeona wanafunzi waliokuwa wakikosea muhula mzima wakipona kwa mabano haya tu.

Kosa hili halibaki darasani. Viwanja vya futi 50 kwa 100 vinauzwa kila siku nchini Kenya. Hizo ni futi za mraba 5000. Mtu akigawa kwa 3.28, kwa kuwa mita moja ina futi 3.28, anapata mita za mraba 1524 na kudhani amenunua shamba. Ukweli ni kama mita za mraba 465, kwa sababu inabidi ugawe kwa 3.28 mara mbili. Na kiwanja hicho wengi hukiita thumuni (moja ya nane) ya ekari, ilhali ekari ina futi za mraba 43,560 na thumuni yake ni 5445. Swali la mipaka na hati umpelekee mpima ardhi aliyesajiliwa. Hesabu yako ya daftarini ni ya kukufungua macho tu.

Ikiwa namba ni nzima lakini hakuna kilichotajwa kinacholingana, tafuta makosa mawili yaliyojumlishana. Tano, kwa mfano, inaweza kuwa 4 ya ujazo na 1 ya kitufe cha EXP.

## Dalili: desimali ni 0.556, au logi ni 1.113

Kasi imeingia kwenye kanuni ikiwa kilomita kwa saa. Kilomita ina mita 1000 na saa ina sekunde 3600, ndiyo maana kigeuzi ni 3.6: 72 km/h gawa kwa 3.6 ni 20 m/s.

Ukiona 0.556, hukugeuza kabisa. Ukiona 1.113, uwiano ni 12.96, ambayo ni 3.6 mara 3.6, na hapo kuna njia mbili. Ama umezidisha kwa 3.6 palipotakiwa kugawa, au kasi isiyogeuzwa imeingia kwenye kanuni yenye v². Lori la kilo 8000 likienda 72 km/h lina nishati mwendo ya jouli milioni 1.6. Asiyegeuza hupata milioni 20.7. Ukiwa umefanya yote mawili, yaani umezidisha badala ya kugawa na kanuni ina v², logi itakuwa 2.225.

Kukumbuka upande wa kugeuzia, usikariri. Jiulize: unazidisha kwa 1000 ili kupata mita na kugawa kwa 3600 ili kupata sekunde, ipi kubwa? Ni 3600. Basi namba ya mita kwa sekunde lazima iwe ndogo.

3.6 hiyo hiyo utaikuta kwenye umeme. Uniti moja unayonunua ya Luku ni kilowati-saa moja, yaani wati 1000 kwa sekunde 3600, jouli milioni 3.6. Birika la wati 2000 likichemsha kwa dakika sita linakula uniti 0.2. Anayezidisha 2000 kwa 6 na kuandika "jouli 12,000" ameacha dakika bila kuzigeuza, na logi ya uwiano wake itakuwa 1.778.

## Dalili: desimali ni 0.343, au uwiano ni 4.45

Kuna vizio vya mfumo wa zamani wa Kiingereza vimeingia. Pauni 2.205 ni kilo moja. Kani ya pauni moja ni nyutoni 4.45. Katika maswali ya shuleni kwetu dalili hii ni adimu, lakini nisingependa uipite, kwa kuwa ndiyo iliyoangusha mambo makubwa.

Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Air Canada, Boeing 767 iliyokuwa mpya katika huduma, ilihitaji kilo 22,300 za mafuta kwa safari ya kutoka Montreal kwenda Edmonton. Mita za mafuta za ndegeni zilikuwa mbovu, hivyo yalipimwa kwa mkono: matangini mlikuwa na lita 7682. Ili kujua ni kilo ngapi, wakazidisha kwa 1.77. Namba hiyo ni sahihi, lakini ni ya pauni kwa lita. Ya kilo kwa lita ni kama 0.8. Wakaona wana kilo 13,597, kumbe walikuwa na 6,169 hivi. Wakaongeza lita 4917 palipohitajika zaidi ya lita 20,000. Injini zote mbili zilizimika angani, na rubani akaishusha ndege ikielea bila nguvu hadi kwenye kiwanja cha zamani cha jeshi la anga huko Gimli, Manitoba. Watu wote 69 walinusurika.

Gawanya 1.77 kwa 0.803 uone: 2.20. Sahihi ya pauni na kilo imo ndani ya karatasi yao. Laiti kizio kingeandikwa kando ya ile 1.77 katika kila mstari, pauni zingejionesha zenyewe. Mwaka 1999 NASA nayo ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa kani ya pauni na nyingine ikazisoma kama nyutoni. Ndiyo maana sikubali "x = 4.2" daftarini. Nne nukta mbili za nini?

## Dalili: uwiano unabadilika kutoka swali hadi swali

Kila swali lina kosa, lakini leo uwiano ni 3.5, kesho 1.2. Kigeuzi cha kuzidisha hakiwezi kufanya hivyo. Shuku halijoto.

Selsiasi na kelvini hazigeuzwi kwa kuzidisha, bali kwa kujumlisha 273 (273.15 kama swali linataka usahihi). Gesi ikipashwa moto kutoka 27 °C hadi 127 °C kwa kanieneo ile ile, ujazo wake hauongezeki mara 127/27, yaani 4.7. Unaongezeka mara 400/300, yaani 1.33. Sifuri ya Selsiasi ni mahali barafu inapoyeyuka. Haina maana ya kukosa joto.

Chanzo cha pili ni kinyume chake. Mwanafunzi aliyeadhibiwa kwa kusahau 273 huanza kuijumlisha kila mahali, hata kwenye tofauti ya halijoto. Maji yakipanda kutoka 20 °C hadi 100 °C, badiliko ni 80 kwa Selsiasi na 80 kwa kelvini. Ukiweka 353 kwenye mcθ (kanuni ya joto, ambamo θ ni badiliko la halijoto), umeyapasha maji joto ambalo halikuwapo.

## Dalili: kikokotoo kinakataa kutoa logi

Math ERROR inatokea kwa sababu umeomba logi ya sifuri au ya namba hasi. Hakuna kipeo cha 10 kinachotoa sifuri, wala kinachotoa hasi.

Mara nyingi ni mstari wa kwanza au wa mwisho wa jedwali lako, pale volti au umbali ulipokuwa sifuri. Nukta hiyo haichorwi kwenye grafu ya logi. Iache, na uandike kwamba umeiacha. Katika data za mnururisho, baada ya kuondoa idadi inayotokana na mnururisho wa mazingira unaweza kubaki na −2. Hapo chanzo kimeshakuwa dhaifu kuliko mazingira, kwa hiyo usibadilishe alama ya −2 ili grafu ipendeze.

Chanzo kingine hakileti ukataaji, kinaleta jibu baya kimyakimya: mabano. log 100 ÷ 10 katika baadhi ya vikokotoo ni 2 ÷ 10, yaani 0.2. log (100 ÷ 10) ni 1. Na pasipo kikokotoo, kuna wanaoipasua log (a + b) kuwa log a + log b. Jaribu kwa 10 na 10: log 20 ni 1.301, ilhali log 10 + log 10 ni 2, ambayo ni logi ya 100. Logi huvunja kuzidisha, kujumlisha hakuvunjiki.

## Dalili: kitabu cha majedwali na kikokotoo havikubaliani

Unatafuta logi ya 0.0356. Majedwali ya tarakimu nne yanakupa baa 2 nukta 5514. Kikokotoo kinasema −1.4486. Hakuna aliyekosea. Baa iko juu ya 2 peke yake: ni −2 + 0.5514, na hiyo ni −1.4486. Majedwali hushika sehemu ya desimali ikiwa chanya daima kwa sababu tarakimu 356 zina 0.5514 ile ile, iwe ni 3.56, 356 au 0.0356. Henry Briggs, aliyechapa majedwali ya msingi wa 10 mwaka 1624, miaka kumi baada ya John Napier kuitangaza logi, alichagua msingi huo kwa faida hiyo hasa.

Makosa huanza unapogawanya. Kipeuo cha tatu cha 0.0356: wengi hugawa 2.5514 kwa 3, wanapata 0.8505, kisha wanaipachika baa mahali fulani. Sehemu ya hasi lazima kwanza ifanywe igawanyike kwa 3. Andika −2 + 0.5514 kama −3 + 1.5514. Gawa kila upande: −1 + 0.5171, yaani baa 1 nukta 5171. Namba yake ni 0.329. Izidishe yenyewe mara tatu uhakikishe.

Kwa sababu hiyo hiyo nilikwambia ugawe kubwa kwa dogo katika kipimo cha kwanza. Ukigeuza, logi inakuwa hasi, na 0.602 itajitokeza kwa sura ya 0.398 ukiisoma kwa baa.

## Dalili: desimali ni 0.362

Umechanganya kitufe cha log na cha ln. Logi asilia ni kubwa kuliko logi ya msingi wa 10 mara 2.303 daima.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni grafu ya kapasita inayopoteza chaji. Kapasita ya 470 µF kupitia ukinzani wa kiloomu 100 ina RC ya sekunde 47. Ukichora ln V dhidi ya muda, mteremko ni −1/RC na unapata 47. Ukichora log V halafu ukautumia mteremko kana kwamba ni ln, unapata sekunde 108. Grafu yenyewe imenyooka vizuri kabisa katika hali zote mbili, kwa hiyo macho hayatakuonya. Hakuna haja ya kuchora upya: gawa 108 kwa 2.303.

Mahali pa pili ni nusu uhai. Kanuni λ = 0.693/T (λ ni kiwango cha kuoza, T ni nusu uhai) inatumia ln 2. Anayekumbuka kwamba "logi ya mbili" ni 0.301 ataipata λ ndogo. Kwa iodini-131, ambayo nusu uhai wake ni kama siku 8, jibu sahihi ni 0.087 kwa siku, na la makosa ni 0.038.

Tazama pia lebo za mihimili. Ukiwa na ln kwenye mhimili mmoja na log kwenye mwingine, mteremko unapotea mara 2.303, na mteremko ndio uliokuwa unautafuta.

## Dalili: mteremko ni sahihi, lakini mstari unakata mhimili mahali pasipo pake

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa vizio na logi hukutana ana kwa ana.

Praktikali ya pendulumu: unachora log T dhidi ya log l, ambapo T ni muda wa mbembeo mmoja kamili na l ni urefu wa pendulumu. Mteremko unatoka 0.5, kama nadharia inavyodai. Lakini mstari unakata mhimili wa wima kwenye −0.698, na g unayoipata humo haifanani na chochote. Ulipotarajia ilikuwa 0.302, ambayo ni logi ya 2π/√9.81.

Tofauti ni 1.000 kamili. Uliiweka l kwa sentimita. Kila urefu umezidishwa mara 100, kila logi imeongezwa 2, kwa hiyo mstari mzima umesogea kulia hatua 2 bila kuinama. Kwa mteremko wa 0.5, kusogea kulia 2 ni sawa na kushuka 1. Kosa la kizio kwenye grafu ya logi huwa linasogeza mstari, kuuinamisha haliwezi. Kwa hiyo mteremko ukiwa mbaya, acha vizio na utafute kwingine: nukta mbovu, mchanganyiko wa log na ln, au umechukua logi kisha ukazichora tena kwenye karatasi ya grafu ya logi.

Jambo hili pia linajibu swali wanaloniuliza wenye akili ya kudadisi: logi ya "mita 5" ni nini? Haipo. Logi huchukua namba tupu. Unachofanya ni kugawa urefu kwa kizio kwanza, ndiyo maana lebo sahihi ya mhimili ni log (l/m) au log (l/cm). Andika hivyo na sentimita haitakuponyoka.

## Dalili: desibeli zimejumlishwa kama machungwa

Spika moja inatoa desibeli 80, mbili zinatoa 160? Hapana, 83. Nguvu ya sauti kwa eneo ndiyo inayojumlishwa: 10⁻⁴ na 10⁻⁴ W/m² ni 2 × 10⁻⁴, na maradufu huongeza desibeli 3 tu, yaani 10 × 0.301. Ukitumia uwiano wa kanieneo ya sauti au wa volti, mbele ya logi ni 20 badala ya 10, kwa kuwa nguvu hufuata kipeo cha pili chake.

## Mahali pa kuacha na kumwita mwenye ujuzi

Ukishapima uwiano, ukapitia orodha, na logi haifanani na chochote, acha kugeuza vizio. Huenda kanuni yenyewe siyo. Pima vizio vya pande zote mbili za mlinganyo. Vikikataa kulingana, hakuna kigeuzi kitakachokuokoa, mpelekee mwalimu pamoja na daftari lisilofutwa. Na kitabu nacho huchapwa na binadamu: wanafunzi watatu wakipata jibu moja kwa njia tofauti, mwoneshe mwalimu aamue.

Praktikali ya kapasita ifanywe mbele ya fundi sanifu wa maabara. Kapasita za elektroliti zikigeuzwa chanya kwa hasi zinaweza kupasuka, na za ndani ya televisheni au oveni ya mawimbi hubaki na chaji ya kuua hata baada ya kuchomoa waya. Usifungue kifaa hicho ili upate kapasita ya kufanyia mazoezi. Chanzo cha mnururisho usikiguse kwa mkono hata kama λ yake umeipata sahihi.

Kelele nazo: taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, inapendekeza mfanyakazi asizidishe saa 8 kwenye desibeli 85, na kwa kila nyongeza ya 3 muda unakatwa nusu. Desibeli 88 ni saa 4. Anayeishi karibu na mashine na masikio yanamlia aende kwa daktari, asisubiri kumaliza hesabu.

La mwisho ni dawa. Kati ya mikrogramu na miligramu kuna 1000, na alama zake, µg na mg, zinakaribiana kama µF na mF zilivyokaribiana kwenye daftari lako. Ukiona dozi ya mtoto imeandikwa kwa miligramu na chupa imeandikwa kwa mililita, usiigeuze mwenyewe kwa sababu tu umeelewa mwongozo huu. Mpigie mfamasia, umsomee lebo yote, namba pamoja na kizio chake.